Marehemu, Rudisha Suruali

Kila Jumamosi saa tisa na nusu alasiri, watu wa Juba wakiwa bado wamejilaza kwa sababu ya jua, Ezbon alilifagia jiwe la tahuna, mashine yake ya nafaka, akauvua ukanda wa mpira kwenye gurudumu la kusagia na kuuvisha gurudumu la dainamo. Injini ilikuwa ileile. Asubuhi ilisaga mtama, alasiri ilisaga sinema.

Ghala la tahuna lilikuwa na madirisha mawili, yote yakazibwa kwa magunia. Ukutani ikatundikwa shuka nyeupe ambayo Jumapili ilirudi kitandani kwa Ezbon. Kila mtu alikuja na kikalio chake: kigoda, debe, tofali, chungu kilichovunjika shingo. Mzee mmoja alibebewa kitanda kizima cha kamba, akaitazama sinema kiubavu. Injini ilipoanza kunguruma, unga wa wiki nzima uliolala juu ya boriti uliamka ukashuka taratibu, na baada ya robo saa ukumbi wote ulikuwa mweupe kuanzia nywele hadi kucha, watu wakipiga chafya kwa zamu kama wanaoitikia misa. Hakuna aliyelalamika. Wengine walikung'utia unga wao kwenye kikapu kabla ya kutoka, wakaenda nao nyumbani.

Filamu ilikuwa moja tu, na jina lake lilikuwa Marehemu, Rudisha Suruali. Ezbon aliipata Gulu, mwaka ule Wahindi walipoambiwa wafungashe virago waondoke Uganda. Mwenye duka la misumari alikuwa akigawa vitu barabarani. Mashine ya kuonyeshea sinema aliibadilisha kwa mbuzi wawili, na filamu akaitupia juu yake, kama muuza nyama anavyokutupia kipande cha utumbo. Ilikuwa imetengenezwa na wanawe na makarani wake, siku za Jumapili, kando ya mto, na kwa jinsi inavyoonekana hakuna hata mmoja aliyewahi kuona filamu nyingine.

Kisa chenyewe ni hiki. Mtu amekufa, akazikwa na suruali ya kuazima. Mwenye suruali ana harusi. Anakwenda makaburini kubisha hodi. Marehemu anatoka, anasikiliza shauri lote mpaka mwisho, anakataa, anatimua mbio kuelekea mjini na suruali yake mwilini, na mji mzima unamfukuza ukipiga kelele: Rudisha suruali!

Marehemu alikuwa amepakwa unga wa muhogo, na kila alipokohoa alipotea kwenye wingu lake mwenyewe. Damu ilikuwa maji ya rozela, kwa hiyo nyuki walimfuata kila aliyeuawa. Mwezi ulikuwa kikaango kilichoning'inizwa kwa kamba, na mkono wa mshika kamba ulionekana ukijikuna. Kulikuwa na mamba wa kutisha wa magome ya migomba, mwenye miguu minne, yote minne imevaa kandambili za matairi, moja imekatika. Waigizaji walikuwa watatu tu, hivyo aliyeliwa na mamba alirudi baadaye akiwa padri, akayazika mabaki yake kwa huzuni nyingi. Na kulikuwa na mbwa asiyehusika, aliyepita, akamnusa marehemu, akatikisa mkia, akaenda zake. Juba nzima ilikubaliana kwamba yule mbwa ndiye aliyeijua kazi.

Watu walicheka mpaka wakashikana. Walikuwa wameiona mara ishirini, na mara ya ishirini na moja walianza kucheka wakiwa bado nje.

Matatizo yalikuwa mawili. La kwanza, filamu ilisema Kiswahili, na nusu ya ukumbi walijua Kibari na Kiarabu cha Juba peke yake. La pili, mikanda ya filamu ilikuwa mitatu, na wa tatu haukuwepo. Shemeji yake Ezbon wa Rejaf aliukata vipande akavitundika shambani kutishia ndege, na ndege walitishika kweli. Kwa hiyo filamu ilifika pale marehemu, amechoka, anasimama mbele ya mlango wa nyumba, anainua mkono kubisha, basi. Inabaki shuka nyeupe yenye mwanga.

Matatizo yote mawili yalitatuliwa na Keji.

Keji alikuwa mwanamke wa miaka kama hamsini, mwenye pengo mbele na sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Alikaa Uganda miaka minane akikaanga mihogo kituo cha mabasi, na Kiswahili alikijua kwa namna ya mtu aliyegombana nacho kila siku. Alisimama kando ya shuka na faneli ya bati ya kumiminia dizeli, akaiweka mdomoni, akaeleza. Lakini alieleza apendavyo. Marehemu akisema neno moja, Keji alisema kumi. Mamba aliyekaa kimya alipewa kisa cha mkewe. Na shuka ilipobaki tupu, Keji ndiye aliyemalizia, kila Jumamosi mwisho mpya: mara marehemu anamwoa yeye yule bibi harusi, mara suruali inachanwa vipande viwili kama kanga, mara mbwa anaivaa.

Kazi hiyo ilimpa chumba cha kulala nyuma ya tahuna, kati ya madumu ya mafuta. Hakikuwa chumba kibaya. Ila Keji alikuwa na nyumba.

Nyumba ilikuwa mtaa wa Kator, ya matofali ya kuchoma, na kila ubao wake ulipitia mikononi mwa mumewe, Lomoro, seremala. Mlango wa mkangazi alioupiga randa siku tisa. Viti vinne vya kukalia mgeni. Mwaka wa moto, mji ulipochomwa, miaka kumi nyuma, watu walikuja na lori, wakamchukua Lomoro akiwa bado ana penseli sikioni, na Keji akakimbia kwa miguu na nguo aliyovaa. Aliporudi baada ya amani alikuta pazia lisilo lake dirishani. Ndani alikaa Bwana Severino, mkuu wa Ofisi ya Viwanja Vilivyoachwa, mtu mpole, mwenye tumbo la heshima, ambaye aliikuta nyumba tupu na akaihurumia.

Severino hakumfukuza Keji hata siku moja. Alimkaribisha ofisini, alimpa chai, alimfungulia faili. Alimweleza kwamba sheria iko wazi kabisa: nyumba ina jina la Lomoro, basi ama Lomoro aje mwenyewe aweke dole gumba, ama iletwe karatasi kwamba Lomoro amekufa. Karatasi ya kufa hutolewa penye kaburi. Kaburi liko wapi? Keji hakujua. "Bukra, mama," alisema Severino, yaani kesho, na kesho hiyo ilikuwa na miaka miwili sasa. Hata nywele za msiba Keji hakuwa amezinyoa, maana anyoe kwa kaburi gani.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka wa sabini na tano, mvua zikikaribia, Ezbon alipogundua kwamba safu tatu za kushoto hazipigi chafya.

Alizitazama vizuri. Watu arobaini na mmoja, wameketi chini kwa sababu hawakuja na vikalio, weupe kama wenzao. Lakini weupe wa wenzao ulikuwa wa mtama, na wao wa vumbi. Akainama sikioni kwa Keji.

"Mama Keji, hawa watu iko kufa."

Keji alitazama. "Ndiyo, iko kufa. Mkanda unakatika, tazama kazi yako."

Walikuwa wale wa uwanja wa gwaride. Kila mtu mjini alijua kwamba chini ya uwanja ule kuna watu, walioshushwa humo mwaka wa moto bila majina. Kila mtu alijua, na hakuna karatasi iliyojua. Tangu amani ije, hotuba zote kubwa zilitolewa pale juu yao, na bendi ilipigwa. Baadaye wenyewe walieleza, kwa adabu, kwamba hotuba walizisikiliza zote, na walishukuru, lakini Jumamosi hadi Jumamosi ardhi iliwaletea mtetemo wa injini, na juu ya mtetemo kicheko, wakaona afadhali waende kule.

Watu wa Juba waliwasogezea mikeka. Ilikuwa lazima; wageni ni wageni. Kulikuwa na manung'uniko kidogo tu, ya mama mmoja muuza karanga, kwamba wafu ni warefu na wanamziba. Wafu wakahamia nyuma.

Na walicheka, ole wako uketi mbele yao. Walikuwa na kicheko cha miaka kumi hawajakitumia. Kitu kimoja tu kiliwaudhi: mwendo wa marehemu wa kwenye filamu, mikono mbele, shingo upande, kama mtu anayetafuta choo gizani. Mmoja wao, aliyekuwa karani wa barua enzi za uhai wake, alisimama akasema kwamba hawatembei hivyo, hawajawahi kutembea hivyo, na hajui nani alianzisha uongo huu. Akaketi. Jumamosi iliyofuata waliteremka kutoka uwanja wa gwaride wote arobaini na mmoja kwa mstari, mikono mbele, shingo upande, wakichekana wao kwa wao hadi wanaanguka, na trafiki akasimamisha lori la bia kuwapisha.

Siku hiyo ya pili ndipo Keji alipokisikia.

Mamba alikuwa ndio kwanza anatoka majini, kandambili zikipiga pwa pwa, na nyuma kabisa ya ukumbi mtu akacheka kicheko cha mbuzi aliyekwama kwenye ua. Dunia ilikuwa na kicheko hicho kimoja tu. Keji alikilalia miaka kumi na saba na kukitukana nusu ya miaka hiyo.

"Lomoro?" alisema ndani ya faneli, na watu wakadhani ndilo jina la mamba.

"Naam," sauti ikajibu kutoka nyuma. "Endelea, anamla yule padri wa baadaye."

Keji akaendelea. Alimaliza mkanda wote, na mwisho pia, ingawa siku hiyo mwisho ulikuwa mfupi na marehemu alisamehewa haraka. Kisha akatoka nje, akamkuta mumewe ameegemea ukuta wa tahuna, mwembamba, penseli bado iko sikioni, akipapasa fremu ya dirisha kuona kama imepigwa randa. Hakuridhika nayo.

Keji alimkung'uta vumbi kwa upande wa kanga. Lilitoka jingi, na chini yake kulikuwa na jingine.

"Umenenepa," Lomoro alisema.

"Uganda kuna ndizi."

"Nyumba?"

"Anakaa Severino wa viwanja."

Lomoro alifikiri kidogo. "Mlango bado unafungika vizuri?"

"Unafungika sana. Mimi niko nje yake."

Jumatatu asubuhi waliongozana ofisini. Walisubiri kwenye benchi na watu wengine. Lomoro alipewa zamu yake, hakuruka foleni. Severino alisimama kumpokea. Alimuuliza habari za huko, kama kuna joto, kama wamebanana. Lomoro akasema wamebanana kidogo, hasa miguu. Severino alisikitika kwa dhati. Chai ikaletwa. Lomoro hakunywa, akaishika tu kwa ajili ya moto wake.

Kisha faili likafunguliwa, na Severino, ambaye alikuwa mtu wa neno lake, akasogeza kidau cha wino. Lomoro akachovya dole gumba, akalikandamiza kwenye karatasi. Alipoliinua, palibaki doa la vumbi lililolowa wino, halina hata mstari mmoja. Wakarudia mara nne. Ardhi ilikuwa imemlamba vidole vyote kumi.

"Hii si alama," alisema Severino kwa upole. "Hii ni uchafu."

Keji akasema kama ni hivyo basi njia ya pili: mume wangu amekufa, andika karatasi. Na ukitaka kaburi, muulize, mwenyewe yuko hapa atakuonyesha. Lomoro akathibitisha kwamba amekufa. Akataja mahali: uwanja wa gwaride, upande wa jukwaa la wageni rasmi, safu ya pili, wa sita kutoka mlingoti wa bendera.

Severino aliweka kalamu chini. Alieleza, bila haraka, kwamba mtu aliyekuja ofisini kwa miguu yake hawezi kuandikwa marehemu, ingekuwa kumkosea heshima. Na kuhusu uwanja, ramani anayo. Uwanja wa gwaride ni uwanja wa gwaride, chini yake ramani haionyeshi kitu, na mwezi ujao kuna sherehe ya amani, hauchimbiki. Walete mashahidi wawili. Lomoro akasema anao arobaini. Severino akauliza kama wana vitambulisho.

Chai ikapoa mkononi mwa Lomoro, akakumbuka yule mbwa, akacheka kicheko chake. Severino akataka kujua kuna nini. Lomoro akamsimulia: suruali, harusi, mamba mwenye kandambili. Alipofika kwa padri aliyejizika mwenyewe, Severino alikuwa amelaza paji la uso juu ya faili, mabega yanamtetema.

"Inaonyeshwa lini hii?" aliuliza, akijifuta macho.

"Jumamosi, saa kumi," Keji alisema. "Uje na kiti chako."

Jumamosi Severino alikuja na kiti chake. Alikibeba kichwani mwenyewe, hakutaka makuu. Kilikuwa cha mkangazi, mgongo umechongwa majani ya mkwaju, kimoja kati ya vile vinne. Alikiweka mbele kabisa, katikati, akaketi, na tumbo lake likapata mwanga wa kwanza.

Alikuwa mtazamaji mzuri. Hilo hakuna aliyeweza kumnyima. Alipiga kelele kwa mamba, alimwonya padri, alimlilia mbwa alipoondoka. Unga ulimfunika mapema, akawa kama kila mtu. Lakini kila alipocheka kiti kililia ngii, kwa sababu mguu wa kushoto wa nyuma ulikuwa umelegea, na ngii ile ilikuwa ikimchoma Lomoro. Alivumilia mkanda wa kwanza wote. Ezbon alipokuwa akibadilisha mkanda, Lomoro akatoka nyuma, akamwomba Severino asimame kidogo, akakipindua kiti. Alichonga kabari ya mti kwa kisu alichoazima kwa jirani, akaigonga kwa tofali la kukalia, mara tatu, akakijaribu, akakigonga mara moja tena.

"Ahsante, fundi," alisema Severino, akaketi. Kiti hakikulia tena.

Keji aliyaona hayo yote akiwa ameshika faneli. Mkanda wa pili ukapita. Marehemu akafukuzwa sokoni, akafukuzwa kanisani, akafukuzwa na mwezi wenyewe baada ya kamba kukatika. Hatimaye akafika mbele ya ule mlango, amechoka, akainua mkono kubisha. Filamu ikaisha. Shuka ikabaki nyeupe, na vivuli vya unga vikielea.

Ukumbi ukangojea. Wafu nyuma wakajivuta mbele kidogo.

"Anabisha," alisema Keji. "Anafungua mtu mnene, amevaa pajama. Marehemu anamtazama. Anatazama mlango. Anasema, huu mlango niliupiga randa mimi, siku tisa. Yule mnene anasema, karibu ndugu, unywe chai. Marehemu anaona viti vyake. Anaona ndoano ya kofia yake, na kofia ya mtu mwingine imelala hapo. Anasema, ewe bwana, suruali nimekuletea, ichukue, sina haja nayo. Nimekuja kwa nyumba. Na mji mzima uko nyuma yake, tayari umevuta pumzi. Mnasemaje?"

Wakasema. Walio hai wakasema, na arobaini na mmoja wakasema, mpaka magunia yakadondoka madirishani na jua la alasiri likaingia lote kwa mkupuo mmoja: "Rudisha nyumba!"

Aliyepaza sauti zaidi ya wote alikuwa Severino. Alisimama juu ya kiti ili ajitoe barabara, ngumi hewani, machozi yamechora njia mbili kwenye unga wa mashavu yake. "Rudisha nyumba, mwizi wewe!" aliiambia shuka. "Rudisha!" Kiti kilimhimili bila kutikisika. Watu walimtazama, wakatazamana, na kicheko kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko filamu. Mama muuza karanga alilazimika kutolewa nje. Yule karani wa barua alicheka mpaka taya ikamtoka, akasaidiwa kuirudisha. Lomoro alikuwa amemshika Ezbon begani, anakwama, anakwamuka, anakwama tena, na Keji alipomwona hivyo faneli ikamtoka mkononi, naye akaketi chini kwenye unga akacheka kwa pengo lake lote.

Injini ikazimwa. Severino akamshika Keji mkono kwa mikono miwili.

"Mama Keji, leo umetuua," alisema, na wafu waliokuwa karibu wakakubali kwamba ulikuwa mwisho mzuri. Kisha akakiinua kiti, akaupapasa ule mguu kwa furaha, akakitua kichwani na kushika njia ya Kator. Wafu nao wakapanga mstari. Lomoro alikuwa wa sita. Alipofika pembe ya barabara aligeuka, akamwonyesha mkewe mikono mbele, shingo upande, na akatembea hivyo mpaka hakuonekana tena.

Keji akafagia ghala. Vumbi la wafu hakulichanganya na unga wa kula.

Jumatatu alikwenda ofisini. Severino alimpokea vizuri kuliko siku zote, akaagiza chai, akaweka faili katikati ya meza na kiganja juu yake. Alikuwa na swali lililomnyima usingizi siku mbili, alisema. Yule marehemu, baada ya kelele zote zile, je, nyumba alirudishiwa?

"Bado," Keji alisema.

Severino alifikiri, akatabasamu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Uzuri wake ndio huo," alisema, akafunga faili. "Bukra, mama."